Birika la Baba Mkwe

Katika nyanda za juu za Kigoma kuna mkusanyiko mmoja binafsi wa kauri za Kichina ambao hakuna mtaalamu aliyewahi kuuandikia chochote, na kwa jinsi ninavyowajua wenye nao, ni afadhali asitokee. Uko Heru Juu, wilayani Kasulu, sebuleni kwa mama mkwe wangu, ndani ya kabati la vioo lenye ufunguo mmoja tu. Ni vipande thelathini na vinne ukihesabu na vifuniko. Nimevihesabu mara nyingi kuliko nilivyowahi kuhesabu wanafunzi wangu.

Mama mkwe haviiti kauri. Anaviita vyombo vya wageni, na hapo ndipo mtu wa kuja kama mimi anapopotea, maana tangu niolewe sijaona mgeni aliyewekewa chakula humo. Padri alikula kwenye sahani ya bati. Ofisa aliyekuja kupima mashamba alikunywa chai kwenye kikombe cha plastiki chenye picha ya mcheza mpira. Mimi mwenyewe, siku ninaletwa bibi harusi kutoka Singida, vumbi la safari likiwa bado kwenye kope, nilipewa maji kwenye kopo. Nilikaa na kopo langu nikitazamana na vikombe vyenye ukingo wa dhahabu, nikajua nimeolewa kwa watu wanaotunza vitu. Niliwapenda siku ileile na niliwakasirikia siku ileile, na mambo hayo mawili hayajaachana mpaka leo.

Historia ya mkusanyiko wenyewe ni ndefu kuliko matumizi yake. Vingi vilitoka kwa wachuuzi wa Burundi waliokuwa wanavuka na kuuza katika soko la Munanila, enzi baba mkwe anapeleka maharage kule kwa baiskeli. Vikombe sita vya kahawa vililetwa na mama mmoja Mkongo kutoka kambi ya Nyarugusu, aliyekuwa akipita mlango kwa mlango na vitenge begani na vyombo kichwani. Alivipanga mkekani, akamwambia mama mkwe, "Mama, hii njo vyombo ya ba-patron, si ya kuchezea." Mama mkwe, ambaye hajawahi kumwona patron, yaani bosi, hata mmoja, akatoa debe la maharage papo hapo. Kuna na bakuli la supu lenye mfuniko, zawadi ya harusi ya mtu fulani, katika nyumba ambayo supu inanywewa kwenye kikombe.

Vyote vimeandikwa chini kwamba vimetengenezwa China. Mama mkwe ana maoni yake kuhusu China. Ujanani alifinyanga vyungu, kwa hiyo udongo anaujua, na anasema udongo ule haukuchimbwa, umefuliwa. Wachina walipokuja kujenga barabara ya lami huku kwetu alipanda bodaboda kwenda kuwaangalia, akitaka kuona wanavyokula. Akawakuta wamechuchumaa kando ya greda, kila mtu na bakuli lake la bati mkononi. Alirudi amenuna. Mwisho alisema wale lazima ni maskini wa kwao, wenye vyombo wamebaki nyumbani.

Lakini moyo wa kabati lile ulikuwa birika. Jeupe, lina ndege wawili wa buluu juu ya tawi, na mkono wake umepindwa kama sikio la mtu anayesikiliza. Baba mkwe alilinunua Munanila mwaka aliozaliwa mume wangu, kifungua mimba wao, akalileta amelifukia ndani ya gunia la maharage lisivunjike. Mimi baba mkwe sikumkuta. Picha yake haipo, ila ile ndogo ya kitambulisho iliyofifia mpaka umebaki ukosi wa shati. Mama mkwe akifuta vumbi kabatini husimama mbele ya birika, husema, "Hili ndilo lililobaki la baba yenu," kisha hufunga na kuufundika ufunguo kwenye pindo la khanga. Alikuwa akilisema hilo kila wiki. Nimelieleza mapema ili msomaji aelewe kwa nini, lilipopasuka mikononi mwangu, sikufikiria habari ya chombo.

Kuna desturi moja lazima niitaje. Huku Kasulu kukiwa na msiba au harusi, vyombo vya majirani hukusanywa pamoja, na shughuli ikiisha kila mwanamke anapindua sahani moja moja akitafuta alama yake. Mmoja ana mchirizi wa rangi ya geti, mwingine amekwaruza msalaba kwa msumari. Wanawake wamenuniana miaka mitatu kwa sababu ya hotpoti iliyorudi nyumba isiyo yake. Alama ya mama mkwe ni nukta mbili nyekundu za rangi ya kucha, na aliziweka chini ya kila kipande cha kabatini, ingawa havijawahi kutoka kwenda msiba wowote. Nilipomuuliza kwa nini, alisema kifo hakipigi hodi.

Vyombo huoshwa mara mbili kwa mwaka, kabla ya Pasaka na kabla ya Krismasi, na kazi hiyo haipewi kila mtu. Mwaka wa kwanza nilichota maji. Mwaka wa pili nilishika kitambaa cha kukaushia, wifi yangu akiosha. Mwaka wa tatu wifi alikuwa ameshaolewa Kibondo, anafanya kazi ya uuguzi huko, na mama mkwe akafungua kabati, akanitazama toka juu mpaka chini, akasema, "Leo utaosha wewe, mkamwana." Kwa watu wa nyumba ile hiyo ilikuwa ndoa yangu ya pili, na ya kwanza kwa uzito. Akaenda zake kwenye mazoezi ya kwaya.

Ilikuwa asubuhi ya Desemba, mvua imenyesha usiku kucha, na baridi ya Kasulu ni baridi yenye heshima zake. Birika lilikuwa na utando wa vumbi na mafuta ndani ya mdomo wake. Nikasema hapa dawa ni maji ya moto. Nikachukua maji yanayochemka jikoni, nikamimina.

Mimi ni mwalimu wa fizikia. Muhula ule ule nilikuwa nimewafundisha kidato cha pili jinsi chombo baridi kinavyopasuka kikipata joto la ghafla, na mtoto aliyekosa swali hilo nilimwandikia "fikiri!" kwa wino mwekundu. Birika lilitoa sauti ndogo, tak, likagawanyika vipande vitatu vikubwa na vidogo visivyohesabika. Ndege mmoja akabaki na tawi, mwingine akabaki na mkia.

Nilikaa chini. Sikulia kwa ajili ya kukaripiwa. Nililia kwa sababu nilikuwa nimemuua mume wa mtu ambaye alishakufa. Kisha nikafanya anachofanya mtu mwenye elimu: nikafunga vigae ndani ya khanga, nikasimamisha bodaboda, nikaenda mjini.

Kuna duka moja la vyombo Kasulu mjini, mwenye duka alirithi kwa baba yake. Nilifungua khanga juu ya meza nikaanza hadithi niliyoitunga njiani, kwamba naulizia kwa niaba ya rafiki. Akainua mkono.

"La Heru Juu?" aliuliza.

Nikavuta khanga nivifunike.

"Mwalimu, pole. Wewe ni wa nne."

Akaingia stoo, akatoka na birika lililofungwa kwenye gazeti. Ndege wawili, tawi, mkono. Akaniambia kile kiwanda hakijabadilisha mchoro tangu enzi za baba yake, ila ndege wa siku hizi wamenenepa kidogo, na kwamba kila akipata la aina ile hulitenga kwa ajili ya ukoo wetu. Kisha akavuta droo, akatoa kichupa cha rangi ya kucha nyekundu, akaniwekea mbele. "Nukta mbili," alisema, "usizisogeze mno."

Niliuliza wale watatu ni akina nani. Alikataa kama daktari. Alisema tu wa kwanza alihudumiwa na marehemu baba yake, hao wengine wawili anawajua, na siri ya mteja ni siri ya mteja. Ningepaswa kufurahi: sikuvunja birika la baba mkwe, nilivunja nakala ya nakala. Nilifurahi mpaka njia panda ya kwenda nyumbani. Pale nikafikiria yule mama anavyosimama mbele ya kioo kila wiki akizungumza na kitu kilichotoka stoo, na furaha ikaniisha. Vigae nilivificha shuleni, kabati la maabara, ndani ya boksi la betri mbovu.

Ikapita miaka. Krismasi na Pasaka nikawa mwoshaji mkuu, nasifiwa kwa majirani kwamba mkamwana wa kutoka Singida ana mikono ya kushika vikombe vya altareni. Kila sifa iliniingia kama mchanga kwenye ugali. Na nikaanza kuwachunguza watu wa nyumba ile. Nilimshuku kila aliyenisifu.

Halafu macho ya mama mkwe yakaingia ukungu. Hospitali wakasema ni mtoto wa jicho, atafanyiwa upasuaji, jambo dogo. Kwake halikuwa dogo. Akatuita Jumapili mimi na mume wangu, na wifi akapanda basi la alfajiri kutoka Kibondo. Tukakaa sebuleni watu wanne, birika likiwa katikati ya meza juu ya kitambaa cha kufuma.

"Nimewaita kwa ajili ya hili," alisema mama mkwe. "Wanataka kunikata jicho. Mtu akikatwa jicho anaweza kufa."

"Mama, hakuna anayekufa kwa mtoto wa jicho," alisema wifi. "Tunaona kila siku."

"Wewe unawaona wanaotoka. Sasa sikilizeni. Sitaki nife hili likagombaniwe. Nimempa huyu mkubwa, maana lilinunuliwa alipozaliwa yeye." Akalisukuma kuelekea kwa mume wangu.

Mume wangu alirudisha kiti nyuma kana kwamba limesukumwa kaa la moto. Alisema birika ni kitu cha wanawake, yeye ataliweza wapi, apewe dada yake. Wifi akasema anashukuru sana, lakini nyumba ya Kibondo ni ya serikali, leo yuko kesho kahamishwa, na kwenye kuhama vitu huvunjika, apewe wifi yake aliye karibu. Wote wakanigeukia. Heshima niliyoiota tangu siku ya kopo ilikuwa inasukumwa mbele yangu, na nikasikia mdomo wangu ukisema sistahili, likae tu kabatini kwa mwenyewe.

Mama mkwe alitutazama kwa zamu, kwa yale macho yake ya ukungu.

"Ego," alisema taratibu. "Nimeelewa. Baba yenu hana mtu."

Akalivuta birika mpaka kifuani, akalikumbatia. Machozi yalikuwa yanamtoka, na sikuweza kujua kama ni ya ugonjwa au ni yenyewe. Kwa miaka yote nilikuwa nimeificha kweli ili moyo wake usivunjike, na sasa niliuona ukivunjika mbele yangu kwa sababu ya kufichwa huko. Niliogopa, nasema wazi. Niliogopa kurudishwa kwenye kuchota maji. Nikasema hata hivyo.

"Mama, hilo silo la baba. La baba nililivunja mimi, kwa maji ya moto. Hili nililinunua mjini."

Mume wangu akainua kichwa. "Haiwezekani," alisema. "La baba nililivunja mimi."

"Acheni utani nyie," alisema wifi. "Nililivunja mimi."

Nimeona koo zikigombania shamba, ng'ombe, hata paa la mabati. Ile ndiyo mara pekee nimeona watu wakigombania kosa. Kila mmoja alitoa ushahidi. Wifi, kabla hajaolewa na kabati halijawekewa ufunguo, alikuwa anaficha simu yake ya kwanza ndani ya birika ili mama asijue. Siku moja ikaita mama akiwa mlangoni, akakimbilia kuizima, birika likaja na simu. Mume wangu alikuwa kidato cha pili, mwaka uleule aliofariki baba yao. Alitaka kujua tu mtu anajisikiaje akinywa maji kwenye ule mdomo moja kwa moja. Alivyojisikia hakupata muda wa kujua.

Mama mkwe alianza kucheka. Alicheka kimya, mabega yakitikisika, mpaka ikabidi wifi amchukulie birika mikononi. Mimi nikahesabu kwa vidole, maana hesabu ni ugonjwa wangu. "Mama," nilisema, "mwenye duka aliniambia mimi ni wa nne. Hapa tuko watatu."

Akaacha kucheka.

"Wa kwanza ni baba yenu," alisema.

Akajifuta uso kwa khanga. Alisema bila kumtazama yeyote: "Alikwenda Munanila kuuza maharage ya siku moja, akakaa siku tisa. Alikaa kwa nani, hilo siwaambii, ni mtu, na naye alishakufa. Alipoingia mlangoni nilikuwa nimelishika. Nikamtupia. Likampita sikioni, likafia ukutani. Hakusema neno. Akainama, akaokota vigae vyote, akaviweka mfukoni, akapanda baiskeli. Jioni akarudi na jingine, akaliweka palepale. Hakulala tena Munanila. Samahani hakuisema mpaka anakufa. Baba yenu hakuwa mtu wa kusema."

Nje kuku walikuwa wanaparura.

"La kwanza alilinunua majirani waone," alisema. "La pili lilikuwa langu. Hilo ndilo nililolitunza."

Nikaelewa, na nikaona mume wangu ameelewa kabla yangu, maana alikuwa amefumba macho. Sisi wawili, mimi na wifi, tulikuwa tumevunja vitu vya dukani. Mama mkwe naye alikuwa anahesabu sasa, akikunja vidole, mkamwana wa nne, wa simu wa tatu.

"Wa pili nani?" aliuliza, ingawa alishajua.

"Mimi, mama," alisema mume wangu. Mtu mzima, ana mvi, ana watoto wawili sekondari, na sauti ilimtoka ya kidato cha pili.

"Vigae uliviweka wapi?"

"Nilivifukia. Nyuma ya jiko, migombani."

"Pale ninapopanda maharage?"

"Pale."

Akageuza uso upande wa jiko. Kisha akasema, polepole, kama anayesoma kitu kilicho mbali: "Vyeupe. Kimoja kina bawa la ndege."

"Ndiyo, mama."

"Yoo, mwana wanje, mwanangu. Nilivipiga jembe mwaka uliofuata. Nikasema hizi takataka zimetoka wapi. Mvua ilikuwa inakula njia pale tunapoingilia, kuna shimo. Nikavimwaga humo, nikaweka na udongo juu, nikashindilia kwa miguu."

Akainuka. Wifi alitaka kumshika mkono, akakataa. Tulimfuata hatua kadhaa nyuma, kupita uwanja, kupita tanuri la matofali, mpaka pale njia ya nyumba inapokutana na barabara. Pale ndipo mimi niliposhuka na begi langu la bibi harusi. Pale bodaboda zote hugeuzia. Ardhi ilikuwa ngumu, imekanyagwa, haina tofauti na ardhi nyingine.

Mama mkwe alivua kandambili zake akaziweka kando. Akasimama kwa miguu mitupu, akawa anapapasa kwa vidole, huku na huku, kama mtu anayetafuta kitu alichoangusha gizani. Akasimama mahali. Hakusema kama amepata.

Mume wangu hakuvumilia. Alirudi mbio nyumbani, akaja na jembe, akalinyanyua.

Mama yake alinyoosha mkono, akamzuia kifuani.

"Acha," alisema. "Usimchimbue."